Niliishia Tisini na Saba

Watu wa Lodwar wakiniuliza mbona sikuenda sekondari, miezi mingi nilikuwa na jibu moja tamu sana: nafasi yangu walipewa wakimbizi. Hiyo jibu haina kazi ngumu. Ukiisema pale stejini, penye matatu zinapakia, mtu anakununulia chai, mwingine anatukana serikali kwa niaba yako, na wewe unakaa hapo na sura ya mtu ameonewa. Mwaka wa 2013 nilikunywa chai mingi sana. Sasa wacha niseme vile ilikuwa, na sitaki chai ya mtu.

Ilikuwa ni namba. Milioni moja na moja. Iandike uione: 1,000,001. Moja iko huku mwanzo, moja ingine iko kule mwisho, katikati ni sufuri tano. Mimi nikiiangalia nilikuwa naona barabara ya kutoka Kakuma kuja Lodwar. Mji huku, mji kule, na katikati hakuna kitu, ni mawe na miiba na mbuzi mmoja anakuangalia kama wewe ndio umepotea.

Shule ya msingi nilisomea ndani ya kambi, Kakuma. Usishangae, sisi Waturkana wa nje tulikuwa tunaingia huko asubuhi na watoto wa wakimbizi, kwa sababu huko uji ulikuwa unapikwa na walimu walikuwa wanakuja. Siku za shule nililala kwa nyanya yangu hapo Kakuma mjini, lakini nyumbani kabisa ni Lodwar, kwa mama mdogo, dada ya mama yangu. Mimi namwita mama tu. Huyo ndiye alinilea.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mkongo. Mwembamba, suruali imepigwa pasi hata siku ya vumbi, na Kiswahili chake kilikuwa cha nchi tatu, kwa sababu kabla ya Kakuma alikuwa ameishi kambi ingine Tanzania. Hesabu inafaa kufundishwa kwa Kizungu. Yeye Kizungu chake kilikuwa kinachechemea, kwa hivyo akifika mahali pagumu anatupa chaki juu, anaidaka, anasema, "Sasa tuongee kama batu."

Siku moja, 2012, tukiwa darasa la nane, akaandika ubaoni: NAMBA TASA. Kwa vitabu vyetu ilikuwa inaitwa praim, lakini hiyo neno yake alikuwa ametoka nayo Tanzania, na aliipenda.

"Kumi inagawanyika," akasema. "Mbili mara tano. Kumi na mbili, tatu mara ine. Lakini saba? Saba inakataa kila mutu. Inakubali moja na yeye mwenyewe, basi. Hiyo tunaita tasa."

Sasa kwetu tasa ni mwanamke mwenye hajazaa, na darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, na mimi mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Nikasimama.

"Mwalimu, pole sana kwa saba. Lakini bwana yake amepimwa?"

Darasa lililipuka. Watoto walipiga madawati mpaka vumbi ikashuka kutoka kwa mabati. Mwalimu hata hakukasirika sana, alinyoosha kidole kwa mlango tu.

"Weye. Inje."

Nikaenda nje kama mshindi. Nilikaa kwa kivuli cha ukuta nikacheza na mawe kama nusu saa. Ndani nilikuwa nasikia sauti yake inapanda na kushuka, na chaki inagonga ubao. Alisema nini hiyo nusu saa, sikujua, na sikujali. Nilikuwa bado nacheka peke yangu. Na nikikumbuka sasa, hicho kicheko ndicho kinaniuma zaidi, kwa sababu mimi, mtu wa kufanya mzaha na neno tasa, nililelewa na mwanamke mwenye walimrudisha kwao kwa sababu ya hilo neno.

Niliporudi ndani, ukutani kulikuwa na karatasi ya manila. Namba moja mpaka mia moja. Zenye zinagawanyika zimekatwa, zenye ni tasa zimezungushwa na kalamu nyekundu. Ziko ishirini na tano. Nikazishika kwa kichwa kama wimbo: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, hivyo hivyo mpaka themanini na tatu, themanini na tisa, tisini na saba. Nilikuwa nazisema kwa pumzi moja, wasichana wanacheka. Tisini na saba ndio ya mwisho. Baada yake kuna tatu zimekatwa, halafu ni ukuta.

Matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipotoka, mimi nilikuwa na maksi sawa kabisa na msichana mmoja wa Sudan Kusini. Si kukaribiana. Sawa. Alikuwa anakaa mbele, mrefu, kimya, na mzaha wangu alikuwa anaucheka wa mwisho, watu wote wakishamaliza, kama mtu alikuwa anaupima kwanza. Na wafadhili walikuwa wamebakisha nafasi moja: shule ya bweni ya Lodwar, miaka minne, kila kitu juu yao. Wakamwambia mwalimu achague.

Alituita Ijumaa moja ya Januari 2013. Tukasimama mbele ya dawati lake, darasa liko tupu, kila mtu anaangalia viatu vya mwenzake.

"Miye sitachagua kati ya batoto yangu," akasema. "Namba itachagua." Akaandika hiyo milioni moja na moja kwa vipande viwili vya karatasi, akatupatia kila mtu chake. "Hii ni tasa ama si tasa? Kama si tasa, nionyeshe kwa namba gani inagawanyika. Simu hapana. Nataka kuona kazi ya mukono. Jumatatu asubuhi."

Msichana akaiangalia, akakunja karatasi mara moja, akaweka mfukoni. Mimi nikamwambia, "Usijali, nitakuletea barua kutoka bweni." Akacheka. Baadaye kidogo, kama kawaida yake.

Nikapanda lori nikashuka Lodwar. Nilitaka kufanyia hiyo kazi kwa mama, kwa sababu kama nitashinda, nilitaka nishindie hapo.

Mama alikuwa anauza samaki wakavu sokoni, wale wa kutoka Kalokol. Kalokol ndiko alikuwa ameolewa. Miaka mitatu, hakuna mtoto, watu wa bwana wakasema imetosha. Alirudi na sufuria moja na shanga zake, akanikuta mimi mdogo, mama yangu ameshakufa, akanichukua. Hajawahi kunieleza zaidi ya hapo. Zaidi ya hapo nilielezwa na watu wa soko, wenye hata hujawauliza.

Karatasi ya kufanyia kazi haikuwa shida. Ilikuwa msimu wa kampeni, kila ukuta wa Lodwar umebandikwa sura ya mheshimiwa mtarajiwa, mbele rangi, nyuma nyeupe kabisa. Nikabandua mmoja, mkubwa, nikamlaza kifudifudi juu ya gunia la samaki, nikaanza kumwandika mgongo.

"Huyo baba amekukosea nini?" mama akauliza. Tukiwa wawili tulikuwa tunaongea Kiturkana.

"Hajanikosea. Ndio mara ya kwanza ananisaidia."

Nilianza Jumamosi asubuhi. Mbili imekataa, hiyo ni wazi, mwisho kuna moja. Tano imekataa vile vile. Nikagawa kwa tatu: zikabaki mbili. Nikagawa kwa saba: zikabaki mbili. Kwa kumi na moja: mbili. Kwa kumi na tatu: mbili. Nikaweka kalamu chini. Nyinyi mnaweza kucheka, lakini mimi mwili ulisisimka. Kila nikigawa, wanabaki wawili, na nafasi ni moja. Ni kama hiyo namba ilikuwa inatujua.

Kumi na saba ikaniletea kumi, nikapumua. Kumi na tisa, kumi na mbili. Nikaendelea. Joto la Lodwar unalijua ama umelisikia. Jasho lilikuwa linadondoka kwa karatasi na wino unatembea. Wateja wanakuja, wanasalimu "Ejok," mama anawajibu, wananiangalia, wanauliza huyu anaandikia serikali nini. Thelathini na saba, mbili zikabaki tena. Nikaitukana kwa Kiturkana, mama akanirushia kichwa cha samaki.

Sikuruka hata moja. Hiyo lazima niseme. Mimi mtu wa mzaha, mwenye kila mwalimu aliandika kwa ripoti "anaweza akitaka", siku hizo mbili nilitaka. Kila kugawa nilirudia mara mbili. Hizi zenye zimekatwa kwa karatasi ya ukutani sikuzijaribu, kwa sababu nilikuwa najua: kama tatu imekataa, tisa nayo itakataa, na kama saba imekataa, arobaini na tisa aende wapi? Hiyo akili nilikuwa nayo.

Jumapili mama akitoka kanisani alinikuta kwa themanini na tisa. Ikabaki themanini na sita. Nikaingia tisini na saba. Elfu kumi, mia tatu na tisa, zinabaki ishirini na nane. Basi. Nikapiga mistari miwili chini, na herufi kubwa nikaandika: TASA. Nikanyoosha mgongo kama mtu ametua gunia.

"Umeandika nini kubwa hivyo?" mama akauliza. Hajui kusoma.

"Nimeandika ni tasa," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili, bila kufikiria. Kiswahili mama hakijui sana, lakini hilo neno walimfundisha vizuri. Alikuwa anageuza samaki. Mkono ukasimama.

"Nani?"

"Namba, mama. Hii namba. Ni vile wanaita namba yenye haigawanyiki."

"Na nani amesema haigawanyiki?"

"Mimi. Nimejaribu."

"Umejaribu na ngapi?"

"Ishirini na tano."

Akacheka, ile ya pua. "Basi wewe una roho kuliko watu wa Kalokol. Mimi walijaribu na mwanaume mmoja tu, wakaandika." Nikaangalia chini, nikatafuta mzaha, kwa mara ya kwanza maishani nikakosa. Akaendelea kugeuza samaki. "Hizo ishirini na tano ndio zote?"

"Ndio zote, mama. Zimeisha."

"Umemaliza kabisa?"

"Nimemaliza."

"Haya," akasema.

Hiyo "haya" yake sijawahi kuitoa kwa masikio.

Jumatatu nilikuwa Kakuma kabla jua halijakasirika. Yule msichana alikuwa ameshakuja, ametoka, amekaa kwa jiwe kule mbali karibu na mfereji wa maji. Hakuwa ameshika kitu. Nikampigia saluti, nikaingia.

Mwalimu alikunjua karatasi yangu akakutana na mheshimiwa anatabasamu. Akacheka mpaka akatoa miwani. Halafu akamgeuza. Alifuata kazi yangu na kidole, mstari kwa mstari, kugawa moja baada ya ingine. Ilichukua muda. Mimi nilikuwa naangalia uso wake, na uso wake ulikuwa unafurahi, na unazidi kufurahi, na nikaanza kuona godoro la bweni na mimi juu yake.

"Hakuna kosa," akasema. "Hata moja. Mwaka muzima nakufundisha, sijaona kazi yako safi hivi." Kidole kikafika kwa TASA. "Sasa mbona uliacha?"

"Sikuacha, mwalimu. Namba tasa ziliisha."

"Ziliisha wapi?"

Nikanyoosha kidole kwa ukuta. Ile manila ilikuwa bado hapo, imekunjika pembe moja. Akageuka akaiangalia. Aliiangalia muda mrefu, kama imeandikwa na mtu mwingine.

"Kijana," akasema polepole, "karatasi ndio iliisha."

Sikuelewa. Ama nilielewa haraka sana, sijui. Darasa letu lenyewe lilikuwa na watoto zaidi ya mia. Kila asubuhi tulikuwa tunaitwa majina na kupita mia, kwa hivyo si kusema sikujua namba zinaendelea. Nilijua. Lakini tasa nilifikiri zinaishia hapo, kwa sababu hapo ndipo wimbo uliishia.

"Unaendelea mupaka namba yenye ukiizidisha na yeye mwenyewe, inafika hii kubwa," akasema. "Hii ni milioni. Elfu mara elfu. Unafika elfu moja, ndio uko na haki ya kuandika tasa. Nilisema hii. Nilirudia mara tatu."

"Lini?"

Alikunja mheshimiwa vizuri, kwa mistari ile ile nilikuwa nimemkunja, akanirudishia.

"Siku ulikuwa inje," akasema.

Nikamuuliza kama tisini na saba inafuatwa na gani. Akaandika ubaoni. Mia moja na moja. Akagawa mbele yangu, ikatoka mistari michache tu: elfu tisa, mia tisa na moja. Chini, zenye zinabaki: sufuri. Siku hizo mbili nilikuwa nimeandika sufuri kama mia mbili. Hiyo moja ndio ilinichinja.

Kugawa mara moja zaidi. Si kumi, si mia. Moja.

Nilitoka, nikampita msichana kwa jiwe bila kumwangalia. Jioni nikiwa Lodwar mama akauliza imeendaje, nikasikia mdomo wangu unajibu kabla yangu: "Walipewa wakimbizi." Akanipakulia chakula, nyama yote akaweka upande wangu. Nikaila. Hivyo ndivyo uongo ulianza, na nyama.

Baada ya hapo nilipata kazi stejini, kuita abiria. Manamba. Hata kazi yenyewe ina namba ndani, Mungu naye anapenda mzaha. Uongo wangu ulipata miguu. Niliusema kwa watu wa boda, kwa wachuuzi, kwa vijana wenye walikuwa na hasira zao tayari wanatafuta pa kuziweka. Uchaguzi ulikuwa karibu na kila mtu alikuwa anahesabu nani amepewa nini. Siku moja nikasikia mtu simjui kabisa ananisimulia hadithi yangu mwenyewe: ati kuna kijana Mturkana aliongoza kwa maksi, wakamnyang'anya nafasi, wakampa msichana wa kambi. Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Hii nchi, bana."

Shule zikifungwa mwezi wa nane, nilikuwa nimening'inia kwa mlango wa gari, "Kakuma! Kakuma! Wawili wamebaki! Wawili tu!" Akatokea yule msichana na sanduku la bati kichwani. Sare ya shule, soksi nyeupe. Alikuwa amerefuka tena, kama vile hiyo ilikuwa inahitajika.

Nikachukua sanduku nipandishe. Hakuliachilia.

"Nasikia mimi nilipewa kwa sababu ni mkimbizi," akasema.

"Watu wanaongea."

"Watu gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, hata nilipongoja.

"Siku ile ulifika wapi?" akauliza. "Mwalimu alikataa kuniambia."

Ningeweza kusema chochote. Dereva alikuwa anapiga honi.

"Tisini na saba."

Midomo yake ilisogea kidogo, naona alikuwa anahesabu. Halafu macho yakabadilika. "Ya salaam," akasema. "Ulijaribu zote? Mpaka hapo?"

"Zote. Wewe ulianza wapi?"

"Mimi sikujaribu hizo zako." Sasa alikuwa kama anaona aibu, na hiyo ndio ilikuwa mbaya zaidi. "Nilianza na hiyo inayofuata, mia moja na moja. Hiyo Ijumaa, njiani, kabla sijafika block yetu kambini. Si zinafanana? Moja huku, moja kule, sufuri katikati. Niliona tu ni kama mama na mtoto."

Akaachilia sanduku. Nikalipandisha. Alipokaa dirishani nilitaka kumwambia pole, kwa yale maneno ya stejini, lakini kondakta aligonga mabati na gari ikaenda. Ilijaa. Hakuna aliyebaki isipokuwa mimi.

Sikuita gari ingine siku hiyo. Nilienda sokoni kwa mama.

"Mama, ile namba haikuwa tasa."

Alikuwa anafungia mteja samaki. Hakuuliza namba gani.

"Ilikuwa na mtoto?"

"Alikuwa karibu sana. Niliacha nikiwa karibu kumfikia. Na hakuna mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilikudanganya."

Alimaliza kufunga, akamrudishia mteja salamu, akakaa. "Na wale wote umewaambia?"

"Wengi."

"Utawaambia tena sasa. Mmoja mmoja." Akafikiria. "Na ukimaliza, usiniambie umemaliza."

Nikamwomba ile karatasi ya mheshimiwa. Nilikuwa nimeitupa kwake mwezi wa kwanza, na sasa nilitaka kuichoma, ama kuiweka, sijui. Akainama chini ya meza akanitolea kilichobaki: kipande cha tabasamu, na nyuma yake kumi na saba na kumi na tisa. Zingine zote alikuwa amefungia watu samaki, kidogo kidogo, tangu Februari.

Nikatafuta chenye kimeandikwa TASA na herufi kubwa. Hakikuwepo. Kilienda na samaki wa mama fulani, kikafunguliwa jikoni kwa mtu. Naomba tu alikuwa hajui kusoma.